Siri ya Mtungi: Pango la Cosquer na Watu Waliozama Kuliona

Kusini mwa Ufaransa, kati ya jiji la Marseille na mji mdogo wa Cassis, pwani haina minazi wala mchanga mrefu wa kutembea. Ni majabali meupe ya chokaa yanayoshuka wima mpaka majini, na kila baada ya mwendo kidogo bahari imejipenyeza kati yake na kutengeneza kijighuba chembamba. Wenyeji wanakiita calanque. Kwenye rasi ya Morgiou, mita 37 chini ya maji, jabali lina tundu. Ukilipita unaingia kwenye njia nyembamba yenye giza, iliyojaa maji, inayopanda taratibu kwa zaidi ya mita 100. Mwisho wa njia hiyo kichwa kinatokeza kwenye hewa. Ukimulika ukuta kwa tochi, unakuta viganja vya watu waliokufa maelfu ya miaka iliyopita.

Hilo ndilo pango la Cosquer. Wengi wanaolisimulia hulisimulia kama habari ya bahati: mtu mmoja alizama, akaibuka, akakuta hazina. Si uongo. Ila ukifuatilia historia yenyewe kwa utulivu, unakuta swali ambalo sisi wa kazi ya habari tunalijua vizuri. Aliyeona ni nani, aliyeaminiwa ni nani, na kati ya kuona na kuaminiwa ni nani aliyelipa?

Kifaa cha injini

Ili tufike kwenye pango, lazima kwanza tujue mtu aliwezaje kufika huko. Hadi miaka ya 1930 kufanya kazi chini ya bahari kulikuwa na maana ya kofia nzito ya shaba, viatu vya risasi na bomba refu la hewa linalotoka kwenye mashua. Mtu alikuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba, anakwenda pale bomba linapofika. Kuingia pangoni kwa vazi hilo ni kujitafutia kaburi.

Mabadiliko yalikuja wakati wa vita. Ufaransa ilikuwa chini ya Wajerumani, petroli imeadimika, na magari yalikuwa yakiendeshwa kwa gesi. Mhandisi Émile Gagnan wa kampuni ya Air Liquide alikuwa ametengeneza kifaa kidogo cha kuipimia injini gesi kadiri inavyohitaji. Akakutana na ofisa wa jeshi la majini, Jacques Cousteau, aliyekuwa akitafuta njia ya kupumua chini ya maji bila bomba. Wazo lao lilikuwa jepesi kulieleza: kama kifaa kinaweza kuipa injini gesi pale tu inapoivuta, kwa nini kisimpe mtu hewa pale tu anapoivuta? Mwaka 1943 Cousteau alikijaribu kifaa hicho katika bahari ya Mediterania, akiwa na mtungi mgongoni na mapezi ya mpira miguuni. Sasa mtu wa kawaida, tena asiye na mashua ya kumsukumia hewa, aliweza kuogelea kama samaki na kwenda anakotaka.

Na akishaweza kwenda anakotaka, atataka kuingia kwenye mashimo. Ndiyo binadamu. Mwaka 1946 Cousteau na mwenzake Frédéric Dumas walizama kwenye chemchemi ya Vaucluse, kisima kirefu cha asili kilicho ndani ya nchi, si mbali sana na Marseille, kutafuta maji yake yanatoka wapi. Nusura wafe wote wawili. Baadaye ikagundulika kwamba mashine iliyojaza mitungi yao ilikuwa imevuta moshi wake yenyewe, kwa hiyo kule chini walikuwa wakipumua sumu. Wapiga mbizi wa Ufaransa wakapata funzo mapema: pangoni, kosa lililofanywa nchi kavu asubuhi linakuja kudai deni lake chini ya maji mchana.

Aliyesoma hakuzama

Miaka 6 baadaye, mwaka 1952, Cousteau na watu wake walianza kazi kwenye kisiwa cha Grand Congloué, nje kidogo ya Marseille. Chini ya maji kulikuwa na marundo ya mitungi ya udongo ya kubebea mvinyo, mizigo ya meli za kale. Ulikuwa uchimbaji mkubwa wa kwanza kufanywa kwa mitungi ya hewa, na mpiga mbizi mmoja alipoteza maisha katika kazi hiyo. Mtaalamu wa mambo ya kale aliyeusimamia alikuwa Fernand Benoit, mwanazuoni mwenye heshima zake. Lakini Benoit hakuwa akizama. Alikaa juu melini, akapokea vilivyopandishwa, akawasikiliza waliopanda navyo.

Matokeo yake yakawa funzo la pili. Benoit aliamini kwamba mzigo wote ule ulikuwa wa meli moja. Miaka mingi baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba zilikuwa meli mbili, zilizozama mahali pale pale kwa nyakati tofauti, moja juu ya nyingine. Wapiga mbizi walikuwa wameona kila kitu, ila hawakujua wanachokiona. Mwanazuoni alijua, ila hakuona. Kati yao kulikuwa na mita kadhaa za maji, na historia ya karne nzima ikapotelea humo.

Wahenga walisema siri ya mtungi iulize kata, kwa sababu kata ndiyo inayozama ndani. Walisema hivyo wakiwa na mtungi wa maji akilini, lakini maneno hayo yanaifaa sana mitungi hii mingine. Kata inajua kilichomo. Shida ni kwamba kata haijui kuandika ripoti.

Cassis, 1985

Henri Cosquer alikuwa kata ya aina hiyo. Mpiga mbizi wa kazi, mtu wa Cassis, anayefundisha wengine kuzama na kuijua ile pwani kama mtu anavyojua uchochoro wa mtaani kwao. Mwaka 1985 aliliona lile tundu la mita 37. Akaingia, akatoka, akarudi tena, kila safari akisogea mbele, mpaka akafika mwisho wa njia na kuibuka ndani ya ukumbi wenye hewa, uliojaa nguzo za mawe zilizotengenezwa na matone ya maji.

Tusipite haraka hapa, maana maneno "akaingia, akatoka" yanaficha mengi. Kwenye kina cha mita 37 mgandamizo ni karibu mara 5 ya ule wa juu, kwa hiyo kila pumzi inakula hewa karibu mara 5. Chukua mtungi wa lita 12 uliojazwa vizuri. Huku juu ungekutosha kupumua taratibu kwa takriban saa 2. Kule chini ni kama dakika 25. Halafu wapiga mbizi wa mapangoni wana kanuni yao: theluthi moja ya hewa ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi ya dharura. Maana yake kwa mtungi ule una dakika 8 za kwenda mbele, basi. Nitrojeni nayo inalevya kwenye kina hicho, mtu anaanza kujiamini bila sababu. Na huwezi kupanda moja kwa moja ukiona mambo yameharibika, kwa sababu juu yako ni mwamba.

Lakini muuaji mkubwa wa mapangoni ni tope. Sakafu ya njia kama ile imelaliwa na tope laini kama unga lililotulia kwa miaka na miaka. Pigo moja la pezi vibaya, linainuka lote. Tochi haisaidii tena. Ni kama dereva anayewasha taa kali kwenye ukungu mzito wa barabara ya Mbeya alfajiri: kadiri mwanga unavyozidi ndivyo weupe unavyomrudia usoni. Aliyekuja na kamba anaishika na kurudi nayo. Asiye na kamba anapapasa ukuta, na kuta za pango zina pande nyingi.

Cosquer aliimudu njia hiyo mara kadhaa. Mwaka 1991, akiwa mle ndani na wenzake wachache, mwanga wa tochi ukaangukia kiganja ukutani. Si kiganja kilichochorwa. Mtu aliweka mkono wake kwenye mwamba na kupuliza rangi kuuzunguka, kisha akauondoa, umbo likabaki. Wakaona kingine, na kingine. Wakaona farasi.

Septemba 1, 1991

Sasa mtu afanye nini na jambo kama hilo? Sheria ya Ufaransa ilikuwa wazi: tangu Desemba 1989, anayekuta mali ya kale baharini anatakiwa kuitangaza kwa mamlaka ndani ya saa 48. Lakini sheria haijui kilichomo moyoni mwa mtu aliyeona alichokiona Cosquer. Ukikitangaza, si chako tena. Serikali inafunga mlango, maprofesa wanakuja na madaftari yao, na wewe uliyehatarisha roho unageuka dereva wa mashua. Ukinyamaza, kimya hakikai muda mrefu kwenye mji mdogo ambao kila mtu anazama.

Septemba 1, 1991, wapiga mbizi watatu waliingia kwenye njia ile na hawakutoka. Walipotelea gizani, ndani ya tope, hewa ikawaishia. Hawakuwa wezi. Walikuwa watu wa kupenda kuzama, kama alivyokuwa yeye, kwenye tundu ambalo hakuna aliyekuwa amelifunga wala kuweka kibao cha onyo.

Siku mbili baadaye, Septemba 3, Cosquer alikwenda kwenye ofisi ya mambo ya bahari Marseille na kuandikisha rasmi alichokigundua.

Ni rahisi, tukiwa tumekaa na simu zetu mkononi, kumhukumu. Sioni faida yake. Ninachokiona ni kwamba tarehe hizi mbili, ya 1 na ya 3, zinapaswa kusomwa pamoja kila linapotajwa pango hili. Vitabu vingi vya picha vinaanza na mkono mwekundu ukutani. Lakini dunia iliujua mkono ule kwa sababu mikono mingine sita ilipapasa ukuta wa njia ile ikitafuta pa kutokea.

Aliyesoma, akazama

Safari hii, bahati nzuri, funzo la Grand Congloué lilikuwa limeshaeleweka. Tangu mwaka 1960 Mmarekani George Bass, kwenye rasi ya Gelidonya huko Uturuki, alikuwa ameonyesha kwamba ni rahisi zaidi kumfundisha mwanazuoni kuzama kuliko kumfundisha mpiga mbizi uanazuoni wote. Na Marseille ilikuwa na mtu wa aina hiyo: Jean Courtin, mtafiti wa historia ya kale, mwenyeji wa mapango ya Provence, na mpiga mbizi mzoefu. Mwezi ule ule wa Septemba aliingia pangoni mwenyewe na kukagua kwa macho yake. Jean Clottes, aliyekuwa miongoni mwa majina makubwa ya sanaa ya mapangoni Ufaransa, alifanya kazi naye, akichunguza picha zilizoletwa juu.

Habari zilipotangazwa, upinzani ulianza mara moja. Wataalamu kadhaa walisema ni kazi ya kughushi. Hoja zao hazikuwa za kijinga. Upande huu wa mto Rhône hapakuwa na pango la michoro ya zama za barafu lililokuwa limewahi kujulikana. Michoro yenyewe ilikuwa na viumbe wasiotarajiwa kabisa. Na mgunduzi hakuwa na shahada, alikuwa na mapezi. Hoja hii ya mwisho haikusemwa waziwazi sana, lakini ilikuwepo. Karibu wote waliotilia shaka walikuwa na jambo moja la kufanana: hawakuwa wamepita ile njia.

Aliyejibu alikuwa mwamba wenyewe. Courtin alikuwa ameona kwamba juu ya baadhi ya michoro kulikuwa na utando wa kalsiti, ile chokaa inayojijenga polepole mno, ambayo mtu hawezi kuipaka kwa brashi wikiendi moja. Kisha vikachukuliwa vipande vidogo vya makaa na kupimwa umri kwa kaboni. Majibu yakaonyesha nyakati kuu mbili: viganja vya takriban miaka 27,000 iliyopita, na wanyama wa takriban miaka 19,000. Hesabu za baadaye zimeurudisha mwanzo huo nyuma zaidi, kupita miaka 30,000. Mwaka 1992 pango likaandikishwa kuwa mnara wa kihistoria wa taifa, na likapewa jina la mpiga mbizi.

Ndege asiyeruka

Na mle ndani mna nini hasa? Mna michoro na michongo zaidi ya 500. Farasi ndio wengi. Wapo mbuzi-mwitu wenye pembe zilizopinda, wapo baisani, wapo kulungu. Vipo viganja vyeusi na vyekundu, vingine vikikosa vidole au nusu vidole, na mpaka leo watu wanabishana kama vilikatwa au vilikunjwa tu kama ishara ya lugha fulani ya mikono. Ipo michirizi ya vidole juu ya ukuta laini, eneo baada ya eneo, kama mtoto aliyepitisha mkono kwenye unga.

Kisha wapo wa baharini, ambao karibu hawaonekani kwenye mapango mengine ya zama hizo: sili, maumbo yanayofanana na yavuyavu, na ndege watatu wanene wenye mabawa mafupi. Wataalamu wengi wanawatambua ndege hao kuwa ni wale wakubwa wasioruka wa bahari ya kaskazini, waliofanana na pengwini. Mwisho wao unajulikana: mwaka 1844, kwenye kisiwa cha Eldey huko Iceland, waliuawa wawili wa mwisho wanaojulikana. Kwa hiyo ukutani mle kuna picha za kiumbe ambaye aliyemchora alimwona akitembea, na ambaye hakuna hata mmoja wetu atakayemwona.

Lakini waliochora hawakuzama. Hili ndilo linalowachanganya wengi. Waliingia kwa miguu. Wakati ule maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda kwenye barafu za kaskazini, na katika kilele cha baridi bahari ilikuwa chini ya ilivyo leo kwa takriban mita 120. Ufuko ulikuwa kilomita kadhaa mbele. Mlango wa pango ulikuwa ubavuni mwa kilima, ukitazama uwanda mpana wa nyasi. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda, ikameza uwanda, ikafika mlangoni, ikaingia.

Bahari hiyo hiyo ilipanda na huku kwetu. Kwenye pango la Kuumbi, Jambiani, wachimbaji wamekuta mifupa ya wanyama wa bara, pundamilia na nyati, pamoja na zana za watu walioishi pale wakati Unguja ilikuwa bado imeshikana na bara. Aliyetoka upande wa Bagamoyo angeweza kufika Jambiani bila kulowa. Yule wa Morgiou na yule wa Kuumbi hawakuwahi kujuana, lakini maji yaliyoufunga mlango wa mmoja ndiyo yaliyomtenga mwingine.

Maji yanaendelea

Inakadiriwa kwamba bahari imeshakula karibu sehemu 4 kati ya 5 za pango. Kilichobaki ni kile kilichokuwa juu ya usawa wa maji, kwenye kuta za kumbi za mwisho. Kwa miaka elfu kadhaa maji yalikuwa mlinzi mzuri kuliko serikali yoyote: hakuna mchungaji aliyewasha moto mle, hakuna mtalii aliyeandika jina la mpenzi wake. Lakini mlinzi huyo huyo anamng'ata anayemlinda. Bahari ya Mediterania inapanda milimita kwa milimita, na ukuta wa farasi uko usawa wa maji. Farasi wale wanalowa kutoka chini kwenda juu.

Ndiyo maana Ufaransa iliamua kulinakili pango. Mlango uliozibwa baada ya vifo vile unafunguliwa kwa watafiti wachache tu. Wamepima kila kona kwa mionzi ya leza, na Juni 2022 nakala yake ikafunguliwa Marseille, ndani ya jengo la Villa Méditerranée, kwenye mdomo wa bandari ya kale. Unakata tiketi, unapanda kigari kidogo, unavaa vipokea sauti, unapitishwa kati ya kuta zilizofinyangwa upya. Hulowi hata soksi. Mtoto wa miaka 5 na bibi wa miaka 80 wanaona walichokiona watu wachache sana duniani.

Wapo wanaoidharau nakala. Wanasema si kitu halisi, ni maonyesho ya plastiki. Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Kwa karibu miaka 50 historia ya pwani ile ilikuwa ya watu walioona peke yao na kuwaomba wengine waamini, au wa watu walioamini bila kuona. Benoit alikosea kwa sababu alibaki juu. Waliotilia shaka walibisha kwa sababu walibaki juu. Watatu wale wa Septemba walikufa kwa sababu hawakutaka kubaki juu. Nakala imeondoa ulazima wa kuchagua. Kwamba ni ya kuiga haiipunguzii thamani. Itakuja siku ambayo miguu ya farasi itakuwa huko tu.

Kuna kitu kimoja nakala haiwezi kutoa, nacho ni ile njia. Kigari hakipiti kwenye tope. Kwa hiyo msomaji wangu ukibahatika kufika Marseille, nenda kaone viganja, kaone ndege wale watatu. Kisha toka nje, simama kwenye ukingo wa bandari, angalia upande wa kusini-mashariki ambako majabali yanaanza kuwa meupe. Mlango uko kule, mita 37 chini, umezibwa. Watatu waliokufa kwenye njia yake hawakuwahi kuonyeshwa na yeyote kilichokuwa mwisho wake.